Karatasi ya Radhi

Jumatatu, 3 Aprili 1944

Nakitaka radhi kitabu hiki. Tangu mke wangu Mwanaesha alipofariki, mwezi wa Shaaban mwaka jana, sikukifungua. Kilikaa rafuni pamoja na miwani yake, na kila nilipokitazama nilijiambia kesho. Mtu aliyefundisha miaka thelathini kwamba kazi ya leo isingoje kesho hana udhuru, kwa hiyo sitoi udhuru.

Naandika leo kwa sababu limetokea jambo hapa mtaani petu Kuze, nami nimo.

Jumanne iliyopita, asubuhi, lori la Jusab, muuza nafaka wa Marikiti, lilikuwa likirudi nyuma katika Ndia Kuu. Njia hapo ni nyembamba. Jusab mwenyewe alisimama nyuma akimwelekeza dereva wake, Barnabas. Mteja akamwita, Jusab akageuka kumjibu, na katika kugeuka huko lori lilimbana Gharib ukutani. Gharib ni mchongaji wa milango. Nilimfundisha kusoma alipokuwa na umri wa miaka saba. Alitanguliza mkono wa kulia kujikinga. Mfupa umevunjika mahali pawili na vidole vitatu vimepondeka.

Ijumaa baada ya sala Jusab alinijia barazani, kofia mkononi.

"Maalim, nimemvunja mtoto wa watu. Nipeleke kwa mamake."

"Wenda kusema nini?"

"Ningejua ningekuja kwako?"

Nilimweleza walivyofanya wazee wetu. Aliyekosa huenda kwa miguu yake, hatumi mtu. Hutaja kosa kwa kinywa chake mbele ya mashahidi, wala hatii neno "lakini". Radhi yenye lakini ndani yake si radhi. Kisha nilimpeleka.

Mama yake Gharib, Bi Mwanakuu, alitupokea ukumbini. Jusab alisimama mbele yake na kusema, "Kosa ni langu, Bi Mwanakuu. Si la dereva wala si la mwanao. Niligeuka." Alikuwa akilia, naye ni mtu mnene mwenye sauti kubwa ambaye sikuwa nimepata kumwona akilia.

Bi Mwanakuu akasema, "Nimekusamehe duniani na akhera. Lakini nataka iandikwe. Wajukuu wangu wasije wakawachukia wako kwa habari za kuambiwa."

Niliiandika palepale. Jusab alitia sahihi kwa herufi za Kigujarati, nami nikatia yangu, na jirani wawili wakatia zao. Bi Mwanakuu akaifungia kashani. Nakiri kwamba nilirudi nyumbani nimeridhika. Ilikuwa karatasi nzuri.

Jumatano, 5 Aprili

Mkewe Gharib, Mwanakhamis, amekuja ofisini kumtaka Wakili Akbarali aichukue kesi.

Niandike hapa kazi yangu ilivyo. Mimi ni karani na mkalimani wa Akbarali tangu alipofungua ofisi yake juu ya duka la vitambaa katika Ndia Kuu, miaka kumi na minane iliyopita. Kesi zake ni za watu walioumia na za bima. Miaka kumi na mmoja ya kwanza alisimama upande wa makampuni ya bima. Miaka saba hii amesimama upande wa walioumia. Hajaniambia kwa nini aligeuka, wala sijamuuliza.

Ameikubali kesi. Mwanakhamis alipokwisha kutoka, aliniuliza, "Maalim, huyu Jusab ana bima ya lori?"

"Hana," nikajibu bila kufikiri. "Jusab ni mtu wa dini."

Nimesema barazani mara nyingi kwamba bima ni kamari: mtu hulipa kila mwaka akingoja balaa, na balaa isipomjia amepoteza. Kuze nzima yajua msimamo wangu.

"Haya," akasema Akbarali. Hakuinua macho.

Jumamosi, 8 Aprili

Mvua ya kwanza iliyo kamili. Maji yameingia kwa jirani.

Jumanne, 11 Aprili

Jusab alipanda ngazi za ofisi leo akichuruzika maji. Alifungua vifungo vya koti na kutoa bahasha iliyofungwa kwa kitambaa cha mafuta. Ndani yake mlikuwa na mkataba wa bima.

Nilimtazama. Alinitazama.

"Usinikodolee macho, Maalim. Nilikuficha wewe, sikumficha Mungu. Siku uliposema mwenye bima na mcheza kamari ni ndugu wa tumbo moja, nilikuwa nimekaa ubavuni pako. Karatasi ilikuwa hapa, kifuani. Nilitoa jasho mpaka nikadhani wino utatoka."

Akbarali alicheka, kisha akaanza kusoma. Yeye husoma mkataba kuanzia mwisho. Alipofika katikati kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Jusab, umemwambia mtu yeyote kwamba kosa ni lako?"

Jusab alinigeukia mimi. Basi nikaeleza yote: baraza, ukumbi, karatasi, mashahidi. Akbarali aliuweka mkataba mezani polepole, kama mtu awekaye yai. Alitufasiria sharti la saba: mwenye bima asikiri kosa, wala asitoe ahadi yoyote kwa aliyeumia, bila idhini ya kampuni kwa maandishi. Akikiri, kampuni haidaiwi kitu.

"Nilipaswa kumwacha mtu kitandani nisimtake radhi?" akauliza Jusab.

"Ulipaswa kuniuliza mimi kwanza."

"Nilimwuliza Maalim."

Akbarali alitueleza maana yake. Duka la Jusab ni la kukodi, lori halijamalizwa kulipiwa. Kampuni ikijitoa, Gharib atashinda kesi na hatapata chochote cha kuwalisha wanawe. Kampuni ikibaki, atapata fidia ya mkono wake.

"Karatasi hiyo nani aijua?"

"Kuze nzima," akasema Jusab. "Walinipongeza."

Jumatano, 12 Aprili

Sikwenda kazini. Nilisema ni goti.

Mwaka 1933 palikuwa na kesi ya mjane mmoja ambaye mumewe aligongwa na gari huko Makadara. Mwenye gari alikwenda matangani, akamshika mjane mikono na kusema, "Nimekukosea." Akbarali, akiiwakilisha kampuni, alilipata neno hilo kwa watu waliohudhuria tanga. Nililifasiri mimi mahakamani. Jaji aliusifu ufasiri wangu kuwa ni safi na wenye uaminifu. Kampuni haikulipa. Jioni ile Akbarali alinitunuku saa ya mfukoni.

Ninayo hadi leo. Haijapata kukosea hata dakika.

Sharti la saba nililijua, basi. Nililijua miaka kumi na mmoja. Ila nilidhani ni la watu wengine.

Jumapili, 16 Aprili

Mvua. Hakuna la kuandika.

Alhamisi, 20 Aprili

Nilimzuru Gharib hospitali. Mkono umefungwa hadi begani. Harufu yake niliipata nikiwa bado mlangoni, nikajilazimisha kuingia kwa hatua zilezile.

"Shikamoo, Maalim. Njoo uone insha yangu."

Alikuwa akijifundisha kuandika kwa mkono wa kushoto, kwa kipande cha makaa, nyuma ya kasha la sigara. Jina lake lilitambaa kama mdudu.

"Hata ulipokuwa na mkono mzuri mwandiko wako ulikuwa mbaya," nikamwambia.

"Ndiyo nasema, labda huu wa kushoto ndio uliokuwa na akili, nawe ulinichapa ule mwingine bure."

Wagonjwa wa karibu walicheka. Mkewe hakucheka. Alinifuata ukumbini na kuniambia kwamba usiku Gharib huota anashika patasi, akiamka hutafuta vidole vyake.

Jumatatu, 24 Aprili

Mtu tusiyemjua amekuwa akizunguka Kuze tangu Ijumaa. Ni mtu wa heshima, ana mwavuli mweusi na viatu visivyofaa kwa tope letu. Ananunua kahawa na kuuliza habari za maskini Gharib. Leo muuza kahawa aliniita kwa furaha.

"Maalim! Nimemsimulia yule bwana jinsi Jusab alivyoomba radhi na Bi Mwanakuu alivyosamehe. Nimemwambia, hapa kwetu ndivyo tulivyo. Ameandika kila kitu kitabuni. Ati amependezwa mno."

Nilimlipa kahawa ambayo sikuinywa.

Jumanne, 2 Mei

Barua ya kampuni imefika. Ni fupi na ya adabu. Kampuni yaamini kwamba mwenye bima alikiri kosa mbele ya watu na kwa maandishi, basi haidaiwi. Tumepata wakili mwingine wa kumsimamia Jusab dhidi ya kampuni, lakini mpango wote ni wa Akbarali. Jaji atalisikiliza shauri hilo kwanza: je, bima imesimama au imeanguka? Siku ni Jumanne, 27 Juni.

"Wana maneno ya mtaani," akasema Akbarali. "Karatasi hawana. Maneno ya mtaani nitayavunja kabla ya saa sita. Karatasi siwezi. Maalim, nenda kwa Bi Mwanakuu ukaichukue."

Aliniagizia kahawa, akainuka na kunimiminia mwenyewe. Kwa miaka kumi na minane hakuwa amepata kunimiminia kahawa.

Nilikwenda. Bi Mwanakuu alinisikiliza hadi mwisho.

"Karatasi ile si yangu, Maalim, nikakupa. Ni ya wajukuu."

"Itamponza Gharib."

"Mbona uliiandika nilipokuambia?"

Jumatano, 3 Mei

Mvua tangu alfajiri. Chokaa ya ukuta wa ofisi imeanza kubanduka kwa vipande vikubwa.

Jumanne, 9 Mei

Wamemkata mkono, juu ya kiwiko.

Daktari alisema wangengoja siku mbili zaidi angekufa. Bi Mwanakuu aliuomba mkono. Palikuwa na mabishano kidogo, kisha wakampa, umefungwa katika kitambaa. Tuliuzika makaburini saa kumi, mvua ikinyesha, wanaume sita. Jusab alikuja. Alichimba yeye, hakukubali mtu kumpokea jembe, akapiga magoti katika tope kwa kanzu nyeupe. Shimo lilijaa maji kila alipolikomba.

Nimezika wazazi wangu na mke wangu. Sikujua maneno ya kusema juu ya mkono. Nilisoma Fatiha, lakini katikati nilipotewa na aya. Mimi! Aliyenirekebisha ni Jusab, kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie.

Nimekuwa nikimdharau mtu huyu kidogo tangu siku ya bahasha. Naandika hapa kwamba nilikosea.

Jumanne, 16 Mei

Jusab amekuja ofisini kwa kauli mpya. Atakula kiapo kwamba hakuomba radhi. Alitoa pole tu kama jirani. Mashahidi wawili wengine watasema hawakusikia vizuri kwa sababu ya mvua.

"Siku ile mvua haikunyesha," nikasema.

"Msimu ule ilinyesha," akasema Akbarali. "Nani akumbukaye siku?"

"Mimi nakumbuka."

Wote wawili walinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kuona kwamba katika chumba kile mimi ndiye hatari.

"Maalim," akasema Jusab, "moto wangu nitauchukua mwenyewe. Niache nimpe yule kijana mkate wake."

Lakini Kuze haina siri, na jioni Bi Mwanakuu alikuwa amekwisha kupata habari. Alivaa buibui, akaenda hadi dukani kwa Jusab, akasimama mlangoni mbele ya wateja.

"Jusab! Wataka kuapa kwamba hukuniomba?"

"Bi Mwanakuu, ni kwa ajili ya Gharib..."

"Mimi sikuulizi kwa ajili ya nani. Kama hukuniomba, nami sikukusamehe. Utakufa na deni la mkono wa mwanangu, na siku ya kufufuliwa nitakuja kuuchukua. Chagua."

Barnabas, dereva wake, ndiye aliyenihadithia. Alisema tajiri wake alikaa juu ya gunia la mtama hadi duka lilipofungwa, wala hakuuza hata kibaba.

Alhamisi, 18 Mei

Jusab amemwambia Akbarali hataapa. Hatakiri wala hatakana. Atanyamaza, na wamfunge wakitaka.

Jumanne, 30 Mei

Gharib ametoka hospitali. Mvua.

Jumatano, 7 Juni

Samansi imefika, kwa jina langu kamili na la baba yangu. Kampuni yaniita kuwa shahidi wake. Kiswahili cha samansi kina makosa manne, nikayasahihisha kwa kalamu nyekundu kabla ya kufahamu ninachosoma.

Nilimpelekea Akbarali. Alifunga mlango.

"Una dada Malindi," akasema.

"Ninaye."

"Nasikia hajiwezi."

"Hajiwezi kwa miaka tisa sasa."

Alisukuma tikiti ya basi juu ya meza. Ni ya tarehe 24 Juni. "Mkongwe amekwenda kumwona dada yake mgonjwa. Jaji hatamfunga mtu wa miaka sitini na sita kwa hilo. Bila wewe wana muuza kahawa tu."

"Na ukiniona nimesimama kizimbani?"

Alikwenda dirishani. "Nitakuambia jambo, Maalim. Yule mjane wa mwaka thelathini na tatu alikuwa akifua nguo katika nyumba ya jirani yangu. Miaka minne nilimwona kila asubuhi akipita na furushi. Kila asubuhi alinisalimu. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alidhani mimi ni karani tu wa mahakama, na kwamba ndiyo sheria ilivyo. Siku alipokufa niliyaandikia makampuni yote kwamba sitafanya kazi yao tena. Sikuombi useme uongo. Naomba usiwepo."

Nilitoa saa yangu mfukoni, nikaiweka mezani karibu na tikiti. Aliitazama, kisha akairudisha mkononi mwangu na kuvifumba vidole vyangu juu yake.

"Hiyo uliifanyia kazi," akasema. "Ufasiri wako ulikuwa safi."

Nilikuwa nikimwona Akbarali mtu wa hila mwenye adabu. Leo nimeona kwamba anaogopa, na kwamba amekuwa akiogopa miaka saba. Nilichukua tikiti.

Jumapili, 11 Juni

Sijamwambia mtu yeyote habari za tikiti.

Jumamosi, 17 Juni

Gharib amefungua karakana. Hachongi, anamshikia mwanafunzi wake mbao kwa goti na kumwelekeza kwa mdomo. Ubao uliteleza mara mbili. Mara ya pili alitoka nje, akasimama mvuani mpaka ikampoa hasira.

Jumamosi, 24 Juni

Nilikwenda kupanda basi saa moja asubuhi na mkoba wangu. Abiria walikuwa wakishusha mizigo. Barabara ya Malindi imekatika mahali patatu. Hapiti mtu juma zima.

"Mvua imekurudisha, Maalim," akasema mpakiaji mizigo. "Ulikuwa ukikimbilia wapi?"

Alitania. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili nisipite mbele ya karakana.

Jumatatu, 26 Juni

Baada ya Alasiri Bi Mwanakuu alibisha hodi. Alikataa kuketi. Alitoa karatasi katika mkunjo wa kanga akanipa.

"Nimechoka kukaa na kitu kinachoogopwa na watu wazima. Wewe uliiandika. Ukiichoma sitauliza. Ukienda nayo kortini sitalia. Ila usinirudishie."

"Bi Mwanakuu, nishauri."

"Mimi? Kuze nzima huja kwako kwa ushauri." Alivuta buibui. "Lakini nikuambie moja. Mimi kusamehe sijuti. Wewe je, kuandika?"

Akatoka mvuani.

Jumanne, 27 Juni, baada ya sala ya alfajiri

Karatasi iko hapa, kati ya kurasa mbili hizi. Nimeisoma kama nilivyokuwa nikisoma insha za watoto, kalamu mkononi, nikitafuta kosa. Nilitaka neno moja legelege, neno ambalo ningeweza kusema mbele ya jaji kwamba halina maana ya kukiri. Halimo. Niliiandika kwa uangalifu wangu wote.

Nikisema kweli, Gharib atakosa fidia na lori la Jusab litapigwa mnada, ila msamaha wa Bi Mwanakuu utabaki pale ulipo. Nikikana, Gharib atapata mkate wake kwa kiapo changu, na nusu ya Kuze ilijifunza Kurani kwangu. Nimeyapima haya tangu jana, mizani haitulii. Siku ile barazani nilijua jibu kabla Jusab hajamaliza swali.

Saa ya Akbarali yasema saa mbili kasoro robo. Mahakama hufunguliwa saa tatu. Mvua haijapungua.

Nasikia hodi. Ni Gharib, anabisha kwa mkono wa kushoto. Namtambua kwa mapigo yaliyokaa upande. Anasema kutoka chini, "Maalim, teremka taratibu, ngazi zateleza. Nimekuja kukushikia mwavuli mpaka kortini." Hajaniuliza nitasema nini. Hajaniuliza siku yoyote.

Naitia karatasi katika mfuko wa kanzu, pamoja na saa. Safari hii sitakinyamazia kitabu miezi mingi: uamuzi ukishafanywa, uwe wangu au wa jaji, nitauandika hapa chini kwa mkono wangu.